Vya kanisani au vya sebuleni? Kwa anayeanza kukusanya antiki za Ulaya za karne ya 19

Watu wanaoniuliza habari za antiki karibu wote wanakuja na swali lile lile, nina euro mia mbili mia tatu hivi, nichukue saa ya Kifaransa ya dhahabu dhahabu niweke sebuleni, au nichukue misalaba na vinara vya kanisani ambavyo kila soko navikuta vimerundikwa na bei iko chini? Mi naishi Brussels mwaka wa kumi na mbili sasa na Jumamosi zangu nyingi zimeishia pale uwanja wa Jeu de Balle, mtaa wa Marolles. Soko la vitu vya zamani lipo pale tangu 1873, watu wanamwaga mizigo ya nyumba nzima chini kwenye mawe asubuhi mapema, sahani, picha za harusi za watu waliokwisha kufa, rozari, saa zisizotembea, kila kitu. Vya kanisani nimenunua, vya sebuleni nimenunua, vingine nimeuza, na naona kila upande unataka mtu wake. Nitaviweka ubavu kwa ubavu mchague wenyewe, ila na mimi ninapoegemea nitasema.

Nazungumzia zaidi vitu vya Ufaransa kwa sababu ndivyo vilivyojaa huku na ndivyo ninavyovijua.

Hela kwanza

Vya kanisani ni rahisi kuliko vya sebuleni ukilinganisha kazi ya mikono iliyoingia. Sababu ipo kwenye historia yao. Karne ya 19 Ufaransa ilijenga makanisa mengi sana, mashirika ya masista yakazaliwa kila pembe, kwa hiyo viwanda na karakana zikafunguka za kuwahudumia hao tu. Paris eneo la kanisa la Saint-Sulpice lilikuwa maduka ya sanamu na vyombo vya ibada yamefuatana, mpaka leo sanamu zile za plasta zenye mashavu ya pinki wanaziita kwa jina la mtaa huo. Lyon kulikuwa na mafundi wakubwa wa vyombo vya fedha kama Armand-Calliat. Halafu upepo ukageuka: sheria ya 1901 ikayabana mashirika ya kitawa, ya 1905 ikatenganisha Kanisa na Serikali, Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965 ukabadilisha liturujia na maparoko wengi wakaondoa mapambo ya zamani, na siku hizi makanisa na nyumba za watawa zinafungwa kwa kukosa watu. Vitu vimebaki vingi, wanaovitaka wachache. Nani ana altare nyumbani?

Vya sebuleni navyo vimeshuka ukilinganisha na zamani, vijana wa huku hawataki tena saa ya dhahabu yenye malaika juu yake, wanataka kuta nyeupe na meza ya mbao nyepesi. Lakini saa nzuri inayotembea, au sanamu ya mnyama yenye sahihi ya Barye, mchongaji Mfaransa wa wanyama, bado ina watu wanaoigombania mnadani. Na mnadani kumbukeni jambo moja, ukishinda kwa euro 100 hulipi 100, kuna ada ya nyumba ya mnada juu yake ambayo mara nyingi inazidi asilimia 20. Nimeona watu wameishiwa pumzi pale kaunta.

Kwa hiyo kwenye bei, kwa anayeanza, kanisani wanashinda. Kinara cha altare cha shaba chenye miguu mitatu ya makucha ya simba nilikipata kwa euro 40, kazi ile ile kwenye kinara cha sebuleni cha enzi ya Napoleon III ungeniambia 150 nisingeshangaa. Ila kiinueni mkiangalie kwa chini na ubavuni, vingi vilitobolewa kupitishwa waya wa umeme vikageuzwa taa. Tundu likishakuwepo thamani inaanguka sana na halizibiki bila kuonekana.

Bronzi, na ile inayojifanya bronzi

Hapa ndo nataka mkae kidogo maana hela nyingi za wanaoanza zinapotelea hapa.

Mwaka wangu wa pili huku nilinunua sanamu ya sebuleni, binti wa shamba amebeba mganda wa ngano, rangi ya kahawia iliyokolea, muuzaji ameshika kifua kabisa ananiambia ni bronzi halisi. Nikatoa euro 180. Nimefika nyumbani, nikaiegemeza vibaya wakati nasafisha rafu, ikaanguka kwenye zulia tu, siyo sakafu tupu, na mkono ukakatika kwenye kiwiko. Pale palipovunjika ndani palikuwa pa kijivu, chembe chembe, kama majivu yaliyoshindiliwa. Bronzi haivunjiki hivyo na ndani yake ni ya njano.

Kile kitu Wafaransa wanakiita régule. Ni mchanganyiko ambao kwenye sanamu hizi kwa kawaida umejaa zinki, unapakwa rangi au unachovywa kwa juu ufanane na bronzi. Waliupenda viwandani kwa sababu zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi wakati bronzi inataka zaidi ya 900, kwa hiyo kuni kidogo, muda kidogo, sanamu nyingi, na familia ya mshahara mdogo nayo ikawa na kitu cha kuweka juu ya meko. Siyo kitu kibaya kama umenunua ukijua na kwa bei yake. Ubaya ni kulipia bronzi.

Kupima ni rahisi. Geuza kitu, tafuta sehemu ya chini isiyoonekana, omba ruhusa ukwaruze kidogo sana kwa ncha ya kisu. Ikitoka njano au nyekundu ya shaba, sawa. Ikitoka nyeupe ya kijivu, ni zinki, weka chini au shusha bei. Muuzaji akikataa mkwaruzo wa ukubwa wa punje ya mtama na anataka mia mbili, mi naondoka. Pia gonga kwa ukucha, bronzi inaimba kidogo, régule inatoa mlio uliokufa. Uzito peke yake usiuamini, maana kuna bronzi nyembamba na kuna régule zimejazwa plasta chini.

Sahihi nayo isikulevye. Ferdinand Barbedienne, mwenye kiwanda cha bronzi Paris, alikuwa na ushirika na Achille Collas aliyebuni mashine ya kupunguza sanamu kubwa kuwa ndogo kwa vipimo vile vile, ndo maana kwenye bronzi zake unakuta jina lake na wakati mwingine muhuri mdogo wa duara wa Collas. Lakini jina kubwa ndo linaloibiwa, Barye za kuigiza zinatengenezwa mpaka leo. Angalia kazi: manyoya ya simba yakiwa yamelainika kama sabuni iliyotumika, hiyo ni nakala iliyotolewa kwenye nakala.

Upande wa kanisani je? Hawajasalimika. Yesu wa kwenye msalaba wa bei rahisi wa ukutani mara nyingi ni régule pia, angalia vidole vya mikono ndo vinakatikaga kwanza. Vinara vikubwa vya altare vingi ni bati la shaba ya njano iliyofuliwa, nyembamba, ndani kuna ufito wa chuma unaoshikilia vipande vyote. Tofauti niliyoiona ni kwamba vya kanisani muuzaji hahangaiki kuvidanganyia. Vya sebuleni ndiko uongo uliko kwa sababu ndiko hela iliko.

Fedha: kalisi ikilinganishwa na sahani ya mezani

Kama kuna mahali ambapo kitu cha kanisani kinakufundisha kusoma madini ni kalisi, kikombe cha divai cha misa. Kuanzia 1838 fedha ya Ufaransa inagongwa muhuri wa kichwa cha Minerva, mwanamke mwenye kofia ya vita, na pembeni namba 1 au 2. Namba 1 ni fedha ya 950 kwa elfu, namba 2 ni ya 800. Muhuri wa fundi mwenyewe uko ndani ya umbo la almasi, lile la pembe nne lililosimama kwa ncha, na herufi zake mbili tatu ndani. Ukikuta muhuri wa fundi uko ndani ya mraba, hiyo siyo fedha tupu, ni madini mengine yaliyofunikwa au kuchovywa fedha. Christofle, mwenye kiwanda cha Paris, alinunua haki za mbinu ya kuchovya kwa umeme miaka ya 1840 na tangu hapo meza za Ulaya zikajaa vijiko vya kuchovya, vizuri, vinadumu, ila siyo fedha.

Sasa chukua kalisi mkononi. Kwa kawaida ni vipande vitatu, kikombe, fundo la katikati, na mguu, vimeunganishwa na parafujo ndefu, geuza utaona nati yake chini. Kanisa lilidai kikombe kiwe cha fedha angalau na ndani kichovywe dhahabu, lakini mguu haukudaiwa hivyo, kwa hiyo kalisi ya parokia maskini ina kikombe chenye Minerva pembeni ya ukingo na mguu wa shaba tupu iliyochovywa. Kalisi ya parokia yenye uwezo ina Minerva pote pawili. Anayeuza akikuonyesha muhuri wa kikombe tu halafu anakupigia hesabu ya fedha kwa kilo nzima, we uliza muhuri wa mguu uko wapi.

Mi nimekulia parokia ya Kilimanjaro, nilikuwa mtumishi wa altareni, na chetezo cha ubani nilikuwa nakisugua mwenyewe kwa majivu na limao kila Jumamosi kuu. Kilikuwa na maandishi madogo ya Kifaransa chini ambayo hakuna aliyeyajali. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo 1868 na Kilema 1890 wengi walitoka Ufaransa. Siku niliyokutana na chetezo cha umbo lile lile kwenye mawe ya Marolles nilisimama pale muda mrefu. Kwa hiyo ndiyo, ninaegemea, na sababu yangu mmeijua.

Kujua umri

Hapa vyote viwili vina dalili zake na zote ni tamu ukishazijua.

Saa ya mezani ya Kifaransa: fungua mlango wa nyuma, angalia mashine yake. Kama imepigwa muhuri wa medali ya maonesho makubwa ya Paris, tuseme 1855 au 1878 au 1889, saa haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo hata muuzaji aape. Kama pendulamu inaning'inia kwenye uzi wa hariri, uko nusu ya kwanza ya karne mara nyingi. Kama juu ya namba 12 kwenye uso kuna kitundu kidogo cha ufunguo wa kurekebisha mwendo, huo ni mfumo wa Brocot, ni wa baadaye. Na uchovyaji wenyewe: dhahabu ya zamani ilipakwa kwa zebaki kisha ikachomwa, moshi wake ukawaua mafundi taratibu, na rangi yake ina kina, sehemu imefifia sehemu inang'aa. Ya umeme ni sawasawa kote, nyembamba, inaliwa haraka kwenye kona.

Vya kanisani unasoma watakatifu. Bikira Maria mwenye mkanda wa bluu na waridi miguuni ni wa Lurdi, mji wa Ufaransa anakosemekana kutokea 1858, sanamu ya pangoni ikawekwa 1864. Medali ya Mwujiza, ile ndogo ya Bikira Maria, ilianza kupigwa 1832. Na hii ndo naitumia kila wiki: ukiona sanamu ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu ameshika msalaba na maua, halafu kikaratasi kimeandikwa karne ya 19, jua siyo kweli. Teresia amefariki 1897 na katangazwa mtakatifu 1925, hizo sanamu ni za karne ya 20. Yoana wa Arc wa altareni ni hivyo hivyo, mwenye heri 1909, mtakatifu 1920. Kwa hili Mkatoliki aliyesikiliza katekisimu vizuri ana mtaji mkubwa kuliko msomi wa sanaa.

Sheria, na heshima

Vya sebuleni viko huru, ukitoa vya pembe za ndovu ambavyo nitavifikia. Unanunua, unauza, unaweka unapotaka, amani.

Vya kanisani vina mambo, na hapa ndipo wengine inabidi waamue kuviacha. Kwanza, Ufaransa, kwa sheria ya 1905 na zilizofuata, vitu vilivyokuwa ndani ya makanisa kabla ya hapo vingi ni mali ya mji au kijiji husika au ya serikali, haviuzwi na dai lake halichakai, hata miaka sitini ikipita mji unaweza kuja kudai kilicho chake. Ambacho ni halali ni kilichotoka nyumba binafsi, kanisa dogo la familia, nyumba ya watawa iliyouza yenyewe, au kalisi ya padre binafsi aliyopewa siku ya upadrisho, hizi mara nyingi zina jina na tarehe chini ya mguu. Uliza kimetoka wapi na uandikiwe kwenye risiti. Interpol wana programu ya simu inaitwa ID-Art, bure, unapiga picha inalinganisha na vilivyoibwa. Ufaransa wana pia kanzidata ya Palissy ya vitu vilivyolindwa.

Pili, masalia ya watakatifu. Mtaona vifremu vya duara vyenye kioo, ndani kuna vipande vidogo vya mfupa vimezungukwa na karatasi za dhahabu zilizosokotwa na masista kwa uvumilivu ambao leo haupo. Nyuma kuna nyuzi nyekundu na lakiri ya askofu. Ni vizuri sana na vinauzwa waziwazi, lakini sheria ya Kanisa, kanuni ya 1190, inakataza kabisa kuuza masalia. Mimi sinunui. Kanuni ya 1171 inasema vitu vilivyotengwa kwa ibada viheshimiwe hata vikiwa mikononi mwa mtu binafsi, kwa hiyo kalisi siyo ya kuwekea funguo wala kunywea mvinyo. Kama hilo linakukera, nenda upande wa saa na vyungu vya maua, hakuna atakayekulaumu.

Tatu, pembe za ndovu. Misalaba yenye Yesu wa pembe iko mingi, na vya sebuleni pia, vishikio, masanduku, visu vya karatasi. Hili nalibeba moyoni. Karne hiyo hiyo ndiyo iliyoona watu wakibeba pembe mabegani kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, zivuke Unguja, ziende Ulaya na Marekani ziwe vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Siwezi kuiangalia kama urembo tu. Kisheria pia imebana, kuuza ndani ya Umoja wa Ulaya hata kilichochongwa kabla ya 1947 kunataka cheti, Uingereza sheria yao ya 2018 imeanza kufanya kazi Juni 2022. Wala usithubutu kusafiri nayo kwenda nyumbani. Kama umeambiwa ni mfupa na unataka uhakika, tumia lenzi: mfupa una vidoto na vistari vyeusi vidogo vya mishipa, pembe ina mistari inayokatana kama wavu pale ilipokatwa upana.

Kauri, vioo na plasta, kwa kifupi

Kauri ya sebuleni ina mtego wa alama ya Sèvres, kiwanda maarufu cha kauri cha Ufaransa, zile L mbili zilizokumbatiana za karne ya 18 zilinakiliwa karne nzima ya 19, na Samson wa Paris alijenga kiwanda kizima kwa kazi ya kunakili. Anayeanza asiguse. Visima vidogo vya maji ya baraka vya kauri, vile vya kutundika pembeni ya kitanda, ni vya bei ndogo, havigushiwi, na vinakaa popote. Sanamu za plasta ziko chini kabisa kwa bei ila unyevunyevu unazila, na ikishapakwa rangi upya imekwisha.

Kitu kimoja cha meza nakisifia bila kusita ni bakuli za Maastricht, za Petrus Regout, zenye maua ya kugongwa kwa sponji. Hizi zilisafirishwa mpaka pwani yetu, vipande vyake wachimbaji wa mambo ya kale wamevikuta Unguja. Huku Ubelgiji na Uholanzi unazipata kwa bei ya chakula cha mchana.

Sasa wewe ni yupi

Una sebule ndogo, unataka kitu kimoja cha kuonekana na kusikika, hutaki maswali ya parokia: chukua saa ya marumaru nyeusi au ya bronzi yenye mashine ya Japy Frères, kiwanda cha Kifaransa, inagonga saa na nusu saa, mafundi wa kuifungua bado wapo. Usinunue iliyosimama kwa imani kwamba ni vumbi tu, matengenezo yanaweza kuzidi bei yake.

Unataka kujifunza kwa mikono na hela ni kidogo: vinara vya altare na misalaba ya shaba. Vinara vitano vitakufundisha kuliko saa moja ya mezani.

Unataka kuja kuuza baadaye: sebuleni, na bronzi tu, na uanze kwa kuangalia mnadani miezi sita bila kuinua mkono.

Na kama ni kalisi au monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ndiyo inayokuita, ongea na padre kabla hujalipa. Kalisi yangu niliipata kwa mjane ambaye mjomba wa mumewe alikuwa padre, jina na mwaka wa upadrisho viko chini ya mguu, na Minerva namba 1 kikombe na mguu vyote. Paroko wa nyumbani nilimtumia picha na vipimo, akaniambia kimo kinafaa ila ndani dhahabu imelika, irudiwe kwanza. Fundi wa Brussels akaichovya upya, nikaifunga kwenye shuka la kitanda ndani ya begi la mkononi, na padre akaibariki Jumapili ya Pasaka. Inatumika sasa.